Masizi Juu ya Mlango

Stamatia alilipa kodi mpaka siku ya mwisho, na jambo hilo ndilo lililowachekesha wenzake kazini. Kavala nzima, mji wao wa bandari huko Ugiriki, mpangaji mwenye akili zake anajua la kufanya. Ikibaki miezi miwili uhame, unaacha kulipa, unamwambia mwenye nyumba ajikatie kwenye ile amana uliyomwachia siku ya kuingia, basi mmemalizana. Atanuna, atapiga simu, atasema maneno mawili matatu ya kuudhi, kisha yatapita. Domna, aliyekaa cherehani ya pili pale kwenye duka la kurekebisha nguo, alimshauri hivyo Januari na akamrudia Februari. Stamatia akajibu kwamba yeye hawezi, sahihi ameiweka kwa mkono wake, na ahadi ni deni. Domna akacheka, akamwambia haya, mtakatifu wetu, utakuja kuniambia.

Na kweli alikuja kumwambia. Funguo alizikabidhi Jumatatu ya mwisho wa Machi. Nyumba alikuwa ameifagia pembe zote, vioo vya madirisha amevifuta kwa siki na magazeti, jiko amelisugua mpaka kucha zinauma. Prodromos Tsalikidis, mwenye nyumba, alipita chumba baada ya chumba mikono nyuma, akapiga picha kwa simu yake, akasema kila kitu kiko sawasawa. Alhamisi angempa pesa yake ya amana, yuro mia saba, bila kupungua hata moja. Alhamisi ilipofika hakikuja chochote ila bahasha, na ndani ya bahasha karatasi moja iliyopigwa chapa vizuri, yenye sahihi chini.

Karatasi ilisema hivi. Kupaka rangi nyumba nzima, ambayo mpangaji alikabidhiwa ikiwa imepakwa rangi mpya yote: mia nne. Kuondoa kuvu ukutani chumba cha kulala: mia moja na kumi. Kuziba matundu saba ya misumari: sabini. Kuondoa masizi ya mshumaa kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa mbele na kwenye mwimo wa kulia: mia moja na ishirini. Jumla mia saba. Kwa hiyo amana imekwisha, na mpangaji aje Ijumaa saa sita mchana kuweka sahihi kwamba hana dai.

Sasa mimi nauliza, hesabu gani hiyo inayoangukia palepale kwenye mia saba, isizidi wala isipungue? Mtu alikaa mezani, akajumlisha rangi na kuvu na misumari, akaona bado mia na ishirini zinataka kumponyoka, akainua macho kutafuta pa kuzibandika. Ndipo akaona masizi juu ya mlango. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Prodromos.

Stamatia aliisoma ile karatasi akiwa amesimama dukani. Hakuwa akililia mia saba za kununulia viatu. Baba yake, mzee Anestis, alivunjika nyonga Januari kule kijijini, chini ya mlima Pangeo, akiteremka ghalani na ndoo ya mahindi ya kuku. Tangu atoke hospitali alikuwa kwenye kituo cha tiba ya mazoezi, na Jumamosi hiyo kituo kilikuwa kinamtoa. Kijijini peke yake hawezi kukaa tena. Ghorofa ya tatu ya Prodromos haina lifti, ngazi sitini na nne, hawezi kuzipanda. Kwa hiyo Stamatia alitafuta mpaka akapata vyumba viwili vya chini, mlango unaofungukia barabarani, kizingiti cha chini kimeinuka kidogo tu. Mwenye navyo alimwekea mpaka Jumamosi mchana. Akija na amana ya miezi miwili, aingie. Asipokuja, kuna mume na mke wameshaviulizia mara mbili. Akiba yake Stamatia ilikuwa imeishia kwenye kile kituo. Vitu vyake vilikuwa vimerundikwa nyuma ya duka, na yeye mwenyewe alikuwa akilala kwenye kochi la Bibi Evlampia, jirani wa mlango kwa mlango wa ile nyumba aliyoihama.

Alivua kastabini kidoleni, akamwomba Domna amshikie kazi, akaenda moja kwa moja kwenye mkahawa wa wastaafu karibu na matao ya kale ya mji. Prodromos alikuwa pale, ana ubao wa mchezo wa tavli mbele yake na kikombe cha kahawa, anatikisa dadu kiganjani. Alikuwa mtu wa miaka sitini na sita, shati limepigwa pasi, miaka thelathini na minane ameitumia Stuttgart kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Alirudi na pensheni yake na neno moja ambalo hakuliacha kinywani: Ujerumani. Ujerumani mambo ni kwa karatasi. Ujerumani mpangaji anajua mipaka yake. Mtaani walimwita Mjerumani, naye alidhani wanamsifu.

Stamatia alimweleza kwa sauti ya chini, kwa heshima, maana alikuwa bado anaamini kwamba mtu akielezwa ataelewa. Alisema kuvu ilitokana na mfereji wa paa uliopasuka, na alimpigia simu juu yake mara tatu. Alisema misumari saba aliikuta. Alisema hakuna rangi mpya iliyopakwa ila ukuta mmoja wa sebuleni. Prodromos alimsikiliza macho yakiwa kwenye kete. Kisha akamwambia mbele ya watu kwamba mkataba unasema nyumba yote ilipakwa rangi mpya, na sahihi iliyo chini ni yake Stamatia, au siyo? Au alikuwa hajui kusoma siku ile?

Na hapo ndipo palipomuuma. Alikuwa anajua kusoma. Siku ile ya kuingia nyumba ilikuwa inanuka rangi, ukuta wa sebuleni unang'aa, Prodromos amechangamka ameleta na sanduku la halua, naye Stamatia akaona aibu kuanza kukagua kuta za mtu kama polisi. Akasaini. Wale wazee kwenye meza wakatazama vikombe vyao. Mmoja akakohoa. Stamatia akatoka mashavu yanamwaka, na nje akagundua kwamba ameondoka na kijiko cha mtu mkononi, akarudi akakiweka mezani.

Alikwenda pia kumuuliza mtu wa sheria, mteja wa duka ambaye suruali zake zote Stamatia ndiye aliyezipunguza. Yule bwana alimwonea huruma. Alisema kesi anaweza kufungua, na pengine atashinda, lakini itasikilizwa mwaka kesho au mwaka wa pili yake, na karatasi yenye sahihi ni karatasi yenye sahihi. Kwa Jumamosi hana dawa.

Jioni ile Bibi Evlampia alikuwa jikoni anakoroga maharage ya Kwaresima. Alikuwa na miaka themanini na moja, mjane, macho yameingia ukungu lakini ulimi wake ulikuwa haujapata ugonjwa wowote. Alimwambia Stamatia asome ile karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari, apate kumtukana Prodromos kwa utaratibu. Stamatia akasoma. Kwenye rangi, bibi alicheka. Kwenye kuvu, alisema huo mfereji hata marehemu mume wake aliupigia kelele. Kwenye misumari, alisema aning'inizwe Prodromos mwenyewe kwenye mmojawapo. Ilipofika masizi, mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Rudia hapo, mwanangu."

Stamatia akarudia. Alisema na yeye hakuelewa, alidhani ni mzaha. Yale masizi aliyakuta siku ya kwanza, alijua ni msalaba wa Pasaka wa watu waliotangulia, na kwa miaka mitatu na nusu alipokuwa akifuta mlango alikuwa akizunguka kwa kitambaa asiuguse. Nani anafuta msalaba wa Pasaka? Unatoka kanisani na moto wako kwenye mshumaa, unaukinga kwa kiganja njia nzima usizimike, ukifika unachora msalaba wa moshi juu ya mlango wako, unaingia. Mwaka unaofuata unachora palepale. Haufutwi, unaachwa uilinde nyumba. Hata Jumatatu ile ya kusugua kila kitu, hapo hakupagusa.

"Kwa hiyo hajui," bibi akasema taratibu. Alizima jiko. "Mungu wangu, yule mpumbavu hajui."

Akamweleza. Aliyekaa mle ndani kabla, miaka thelathini na moja, alikuwa Parthena, mama mzazi wa Prodromos. Mwana alikuwa Stuttgart, na akija anakuja Agosti, wiki mbili, anashinda baharini. Pasaka hata moja hakuwahi kuja. Kila Pasaka Parthena na Evlampia walitoka kanisani pamoja, wakapanda ngazi pamoja, mmoja akichora mlango huu na mwingine ule. Miaka ilivyozidi ngazi zikawa nyingi. Walikuwa wanapumzika kila ghorofa, mishumaa mkononi, wanacheka jinsi wanavyohema. Mwaka wa mwisho mkono wa Parthena ulikuwa haupandi tena juu ya bega. Kigoda alikikataa. Akachora msalaba kwenye mwimo wa kulia, usawa wa kifua chake, mdogo, umepinda, mkia wa moshi umekwenda kando. Kabla majani hayajaanguka mwaka huo akafa. Hiyo sasa ni miaka mitano na nusu.

Kazi ya Stamatia ilikuwa kufumua pindo za watu, na mtu anayefumua pindo anazoea kujiuliza ni uzi upi ulitangulia na upi ulifuata. Alisema tu, "Miaka mitano na nusu," kisha akaomba asikie tena ni mwaka gani hasa. Bibi Evlampia akamtajia mwaka, na mwezi, na siku ya maziko, maana yeye ndiye aliyepika ngano ya marehemu, ile inayogawiwa kanisani kumwombea.

Ijumaa saa sita Prodromos aliwakuta mlangoni, Stamatia na bibi aliyejifunga kitambaa chake cheusi cha kwendea kanisani. Hakupenda kumwona bibi, lakini hakuweza kumfukuza bibi kwenye ngazi za mlangoni kwake. Alikuwa amekuja na Kyriazis, fundi rangi wa mtaa wa chini, aliyevaa ovaroli, ili ionekane kazi ni ya kweli na bei ni ya kweli. Alifungua mlango, akatoa ile karatasi na kalamu, akaanza kumtembeza fundi kama mtu anayeonyesha kiwanja. Kuta hizi. Dari lile. Kuvu hii hapa. Kyriazis alitikisa kichwa bila kusema ndiyo wala siyo. Stamatia alikuwa amejiapiza usiku kucha kwamba atanyamaza mpaka zamu yake ifike, na alinyamaza.

Wakarudi mlango wa mbele. Prodromos akaonyesha kizingiti cha juu, pale ambapo misalaba ya miaka mingi ilikuwa imelaliana mpaka ikawa doa moja jeusi lenye mikono minne. Halafu akainama kwenye mwimo wa kulia. Akatia mate kwenye dole gumba, akasugua ule msalaba mdogo, kwa nguvu, mara mbili, mara tatu, akamwinulia fundi kidole kilichokuwa cheusi.

"Umeona? Masizi matupu. Huyu bibie alikuwa anatembea na mishumaa humu ndani kama yuko kanisani. Ujerumani angelipa mlango mzima."

Bibi Evlampia alifanya ishara ya msalaba, akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa. Pale kwenye mwimo palikuwa pamebaki ukungu wa kijivu na ule mkia uliokwenda kando.

Stamatia alikuwa amepanga maneno yake kwa mpangilio, la kwanza, la pili, la tatu. Yote yakamtoka kichwani. Ilimpanda hasira ambayo hakuwahi kuijua, hata ya zile mia saba ilikuwa ndogo mbele yake. "Mimi Pasaka zote tatu nilikuwa kijijini kwa baba yangu," akasema. "Nyumba hii ilikuwa imefungwa, hata taa haikuwaka. Sikuleta moto humu hata siku moja."

"Sasa nani aliuleta? Panya?"

"Mama yako," akasema Bibi Evlampia.

Prodromos alicheka kidogo, akamtazama fundi ili wacheke wote. Fundi hakucheka.

"Mama yako, Prodromos. Ule wa juu aliuchora Pasaka thelathini. Huo wa chini ulikuwa wa mwisho, mkono ulikuwa haufiki tena. Nilimshika kiuno mimi, mshumaa akaushika mwenyewe. Akasema, akija mwanangu akute nyumba imebarikiwa. Umekuja, umeikuta, umemfuta kwa mate."

Prodromos alitazama dole gumba lake. Uso ulimbadilika, na kama angeishia hapo, pengine hata mimi ningemsamehe, na hadithi hii nisingeisimulia. Lakini mazoea yana taabu. Alichukua ile kalamu, akasema kwa sauti ya chini kwamba basi, kama ni hivyo, huo mstari wa nne wataufuta, na mpangaji atarudishiwa mia na ishirini zake.

Fundi Kyriazis aligeukia ukutani. Bibi Evlampia alisema neno ambalo halisemwi Kwaresima.

Stamatia ndiye pekee ambaye hakushangaa. Alikumbuka alichokuja kusema, na kilikuwa kifupi kuliko alivyokipanga.

"Bwana Prodromos, mama yako alifariki lini?"

Bibi akamjibia, akataja mwaka na mwezi na siku.

"Na nyumba hii unasema uliipaka rangi yote lini? Mwezi mmoja kabla sijaingia, siyo? Hiyo ni miaka mitatu na nusu. Sasa nieleze, masizi ya marehemu yalipandaje juu ya rangi yako?"

Prodromos alisema labda fundi wa wakati ule aliruka mlango. Stamatia akamuuliza fundi gani, jina lake nani, duka lake liko wapi, na mbona mkataba unasema yote. Ndipo Kyriazis, ambaye hakuna aliyemuuliza, akatoa kisu chake kidogo mfukoni. Alikwangua chembe ya rangi kando ya mlango, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaenda chumbani akakwangua nyingine, akaenda jikoni. Alirudi akipangusa kisu kwenye ovaroli. Alisema hii ni rangi ya mafuta ya zamani, siku hizi haiuzwi hata ukiitafuta. Kuta hizi, ukitoa ule mmoja wa sebuleni, hazijaguswa miaka ishirini. Na kuvu ile haiondolewi kwa brashi, mfereji wa paa unamwaga ndani ya ukuta, mtoto mdogo angeiona.

"Mimi kazi naitaka, bwana," akamalizia. "Lakini jina langu usilitie kwenye karatasi hiyo."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Prodromos ilikuwa imeishia pale mlangoni, hatua mbili kutoka ilipoanzia. Alijaribu kusema kwamba mambo haya yanazungumzika, kwamba yeye hakuwa na nia mbaya, kwamba wiki ijayo wakae kitako. Stamatia alimwambia hapana. Alimuuliza wiki ijayo baba yake atakuwa amelala wapi, kwenye kochi la bibi, ghorofa ya tatu, au nyuma ya duka juu ya mafurushi ya nguo za watu? Alimwambia kodi yake hakuiruka hata mwezi mmoja, watu walimcheka akalipa, na malipo ya uaminifu wake ndiyo karatasi hii.

"Karatasi ina sahihi yako, na wewe unapenda karatasi," akasema. "Kesho kutwa ni Jumapili ya Matawi. Nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, waisome wote mstari wa nne, jinsi mwana wa Parthena anavyotoza kwa misalaba ya mama yake. Au nenda benki sasa hivi, mimi nakaa hapa kwenye ngazi."

Alikwenda. Walimsikia akiteremka ghorofa tatu, polepole, na baada ya nusu saa wakamsikia akipanda. Alipumzika ghorofa ya kwanza. Alipumzika ya pili. Alipofika juu alikuwa anahema, jasho limemtoka chini ya kola iliyopigwa pasi. Alizihesabu noti mkononi mwa Stamatia moja moja, na kila noti iliyopita chini ya dole gumba lake ilibaki na doa dogo jeusi pembeni. Hakuwa amenawa. Benki kuna choo, mkahawani kuna bomba, hakuwa amenawa.

Kisha akamgeukia Bibi Evlampia, akauliza kama ngazi hizi zote mama yake alikuwa akizipanda mwenyewe, na mshumaa.

"Nani angempandisha?" bibi akamjibu, akaingia kwake.

Wanasema mlango ule haujapakwa rangi mpaka leo, ingawa nyumba nzima Kyriazis aliipaka, na mfereji ukatengenezwa. Wengine wanamsifu Prodromos kwa hilo. Mimi simsifu. Mtu hasifiwi kwa kuacha kufuta alichokwisha kufuta.

Jumamosi saa nne asubuhi Stamatia alikuwa amekaa kwenye vile vyumba viwili vya chini, baba yake ameletwa na gari la kituo, ameketi kwenye kiti karibu na mlango, mkongojo kati ya magoti. Mwenye nyumba mpya, mwalimu mstaafu aitwaye Areti, alizipokea zile noti, akauliza zimeguswa na nini. Stamatia akasema ni masizi, hayadhuru. Halafu akafanya jambo lililomfanya mwalimu atumbue macho. Alisimama, akapita ukuta baada ya ukuta, akabonyeza, akanusa, akafungua kabati la sinki akachungulia na tochi. Alihesabu misumari. Mkataba aliusoma mara mbili, na palipoandikwa kwamba nyumba imepakwa rangi mpya yote, aliomba paongezwe kwamba bafu halikupakwa. Mwalimu akaongeza, midomo imebana.

"Na moja la mwisho," Stamatia akasema. "Andika kwamba Pasaka mpangaji atachora msalaba wa mshumaa juu ya mlango, na hatadaiwa."

Mwalimu Areti aliweka kalamu chini akacheka. Aliuliza ni mtu gani duniani, aliyebatizwa, anayeweza kumdai mwenzake kwa msalaba wa Pasaka. Alisema hata ukimwambia mtu hataamini, na kwamba anaona haya kuandika kitu kama hicho, atakayekisoma atamwona kichaa.

"Andika tu, mwalimu."

Akaandika. Mzee Anestis alikuwa amewasikiliza wote wawili. Pasaka hii ingekuwa ya kwanza maishani mwake mbali na mlango wake wa kijijini, ambao alikuwa akiuchora tangu aoe. Aliinua mkono wake wa kulia kuelekea kizingiti cha juu, akaona umekwamia njiani, akaushusha. Aliujaribu tena kwenye mwimo, usawa wa kifua, akaweka kidole hapo kwenye rangi nyeupe.

"Hapa nitafika," akasema.

Stamatia akachukua kalamu kutoka kwa mwalimu, akaongeza kwa mkono wake maneno mawili baada ya "juu ya mlango": "au pembeni." Kisha akaweka sahihi.